Mzee wa Boti na Mlio wa Kafi

Nyumbani kwa Mzee wa Boti mlango haukugongwa. Ukifika ulisimama pale kwenye migomba, ukapaza sauti, "Hodi hapa!" kisha ukangoja. Mgeni asiyejua akinyoosha mkono kuugonga ubao, jirani alimuwahi kutoka ng'ambo ya uzio, "Usigonge, we! Ita tu." Nimekaa Ifakara miaka mingi na milango nimeigonga ya kila aina, ya wazazi wanaoficha watoto wasiende shule na ya maofisa wanaojifanya hawapo. Wa mzee yule sikuwahi kuugonga, na sababu yake ninaijua kwa kuwa nilikuwepo.

Jina lake nalijua pia, lakini silitaji. Watu wa mtoni kwetu hawaitani majina wakiwa juu ya maji. Mkishaacha ukingo, wewe ni "mwenzangu", yule ni "wa mbele", yule ni "mama", basi. Wanasema mto una masikio, na jina likishasikika huko limesikika. Mimi ni mwalimu, nimefundisha sayansi mpaka chaki imeniingia kifuani, na siku ya kwanza kuambiwa hayo nilicheka hadharani. Siku hizi nikivuka kwenda Lupiro, na mimi nawaita watu "mwenzangu".

Badala ya majina walikuwa na milio. Mpiga kafi hugonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi lake, na kila mtu alikuwa na mlio wake aliojulikana nao. Kazi ya kwanza ya mlio ni kiboko. Akisikia kishindo hutoa kichwa juu, nawe ukajua aliko, maana balaa ni kumpanda mgongoni bila taarifa. Kazi ya pili ni watu wenyewe. Ndani ya mafunjo humwoni mtu hata akiwa karibu nawe, lakini mti uliogongwa juu ya maji husikika mbali, kwa hiyo ulijua kwamba ajaye ni fulani, na ukamjibu kwa mlio wako. Wa mzee ulikuwa mmoja tu, mzito, wa kuburuza.

Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili, na kofia ya sufu aliivaa hata kwenye lile joto letu la Novemba linalowashinda mbuzi. Boti yake ilikuwa ya bati. Aliachiwa na wageni waliokuja kupima maji ya mto, wakapima, wakaondoka. Injini yake ilikuwa na kiburi. Ilizimika ikijisikia, na kuiwasha kulihitaji kuvuta kamba, kuiomba, kuitukana kidogo kwa Kipogoro, halafu kuvuta tena. "Boti hii inakwenda kwa mafuta," alikuwa akiwaambia abiria, "inarudi kwa Mungu." Alisema hivyo pasipo kutabasamu, na wageni wa Kizungu wakitafsiriwa walicheka, kisha wakaacha kucheka.

Na hakujua kuogelea. Mtu aliyezeekea mtoni! Nilipomuuliza alinijibu, "Mwalimu, mimi ni wa juu ya maji. Wa ndani wana kazi yao." Samaki pia hakula. Mkewe alikaanga kambale akanukia mpaka barabarani, naye akala wali na mchicha kama mgonjwa. Mwaka mmoja askari wa wanyamapori walipompiga risasi kiboko aliyekuwa akimaliza mpunga wa watu Michenga, kijiji kizima kilitoka na mabeseni na mapanga, na mimi nilikwenda, nyama ni nyama. Yeye alipita na baiskeli yake, akashuka, akavua kofia kama mtu apitaye msibani, akaisukuma baiskeli mpaka alipotuacha nyuma.

Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na rozari yake aliitundika kwenye usukani wa injini. Hata hivyo aliwaamkia viboko. Aliwaambia shikamoo, kwa sauti, kofia mkononi. Maneno yakamfika padre, naye akamwita. "Padre," akasema mzee, "mkubwa husalimiwa. Kumwamkia si kumwabudu. Hata wewe nakuamkia." Padre alikuwa kijana kuliko yeye. Nasikia alikohoa, akamwambia aende zake.

Kazi yake ilikuwa kupeleka wageni kwenye bwawa la mtoni kutazama viboko, na waliopenda kuhesabu walimuuliza ni wangapi. Alikuwa na jibu moja kwa wote, kwamba unayemhesabu ni yule aliyekubali kujionyesha. Nilidhani ni maneno ya kuwafurahisha wenye kamera. Baadaye nilikuja kuona kwamba mzee alikuwa akieleza maisha yake.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mkubwa tayari, mpole, mwenye adabu ya kupitiliza. Nilimfundisha. Mama yake akimwita, hata awe na tonge mdomoni, alilisogeza shavuni akaitika, "Naam, mama." Kijana alirithi mtumbwi wa zamani wa baba yake na akajitungia mlio wake, mbili za haraka, kimya kidogo, kisha moja ya pole. Ulikuwa mlio mzuri, wa kijana. Siku moja asubuhi, mpunga ukiwa umeanza kuchanua, alipakia chakula ampelekee mama yake aliyekuwa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti tunachokaa tukifukuza ndege na nguruwe. Chakula hakikufika. Kijana hakufika, mtumbwi hakuna, kafi hakuna, hata ndala moja ya kuelea hakuna. Watu waliutafuta mto kwa nyavu na kwa pondo mpaka wakachoka.

Kwetu mtu asipopatikana hufika mahali wazee wanakaa, wanakubaliana, mama anafungwa kaniki, watu wanalia, misa inasomwa, na mambo yanakwenda. Mzee wa Boti alikataa. Alisema hajazika mtu na wala hatazika hewa. Wanawake walipokuja na vitenge viunoni tayari kuangua kilio, aliwasimamisha palepale kwenye migomba.

"Nani amekufa hapa?" akawauliza.

Mmoja akaanza kufungua kitenge chake.

"Basi mkalie kwenu. Mkimlilia mtu akiwa njiani mnamfungia njia."

Na mkewe pia alimkataza kulia. Nawaambia, katika mambo yote niliyoyaona bonde lile, mafuriko na kipindupindu na njaa ya mwaka wa viwavi, sijaona zito kuliko mama aliyekatazwa kumlilia mwanawe. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya yetu. Akawa anapukutika kimyakimya. Kila mwezi wa Novemba, siku ya marehemu wote, majina husomwa altareni, na kila mwaka alimwomba mumewe jina la mtoto lisomwe na kila mwaka alijibiwa "Bado." Watu nao waliacha kuwaita Baba Fulani na Mama Fulani kwa jina la kijana, maana kulitaja kulikuwa kama kutia kidole jichoni. Ndipo yeye akabaki Mzee wa Boti na mkewe akabaki Mama wa Sauti ya Pili.

Mimi huyo mama alikuwa rafiki yangu, na nilimchukia mzee kwa ajili yake. Niseme tu. Nilimwona mkaidi na mchoyo, mtu anayeukalia msiba wa wawili peke yake.

Nilichokuwa sikijui mimi, wala mkewe, ni kwamba kila mzee alipofika lile bwawa la viboko, baada ya kugonga mlio wake mzito, alingoja kidogo, kisha akagonga wa mwanawe. Aliugonga kwa wageni, kwa wavuvi, kwa upepo. Miaka.

Ikaja siku ya kwaya. Ilikuwa kiangazi, mavuno yameingia ndani, na tulikuwa tumeimba vizuri kwenye sherehe ya somo wetu, mtakatifu msimamizi wa kwaya. Kiongozi wetu wa kwaya, mtu wa kuja, aliyekuwa amefanya kazi huko kwenye mashamba ya miwa na kwa hiyo akijiona mtu wa mjini, akasema mwaka huu hatuli pilau chini ya turubai kama kila mwaka. Tutakwenda kutazama viboko kwa boti, kama Wazungu.

"Yaani tukamtazame mwizi wa mpunga wetu?" akauliza mama mmoja.

"Kamtazame usoni, umwambie," akajibiwa, na tukacheka, tukaenda.

Tulijaa ile boti na vitenge vyetu vya sare, kreti ya soda katikati, chapati kwenye ndoo. Mama wa Sauti ya Pili alikuja. Hakuwa amepanda boti tangu mwanawe apotee, na alikaa mbele kabisa akiushika ukingo kwa mikono miwili. Mumewe alimtazama mara moja tu, akavuta kamba ya injini.

Mto mwezi ule hushuka, ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Tulipita kambi za wavuvi, tukapita mamba aliyelala mdomo wazi, tukapiga kelele kama watoto wangu wa darasa la pili. Tulipoingia bwawani mzee akazima injini. Akasimama, akavua kofia, akaamkia. Kisha akagonga mlio wake.

Wakatoka. Kwanza masikio, halafu macho, halafu zile pua zinazopuliza maji. Walikuwa kila upande, hata nyuma yetu tulikopita sasa hivi. Mmoja alikuwa na mtoto juu ya mgongo, mtoto mwekundu, analala. Tulikwenda kutazama, na baada ya muda nikahisi tunaotazamwa ni sisi.

"Tuwaimbie," akanong'ona kiongozi wa kwaya.

Tukawaimbia wimbo wa Bikira Maria, polepole, sauti zote nne. Wallahi, kama Mkristo anaruhusiwa kuapa hivyo, hakuna aliyezama. Walizidi kutoka, wakageuza nyuso zote upande wetu, wakakaa. Wimbo ukaisha. Jua lilikuwa utosini na hapakuwa na upepo wala ndege. Katika kimya kile mzee, kwa mazoea tu, akagonga mbili za haraka, akanyamaza, akagonga moja ya pole.

Mkewe akageuka. Niliona uso wake ukiutambua mlio ule.

Na ndani ya mafunjo, upande wa kushoto, mti ukagonga mti. Mbili za haraka. Kimya. Moja ya pole.

Viboko wote wakageuza vichwa kule. Halafu wakazama, wote kwa pamoja, bila kupuliza, na maji yakabaki yamelala kana kwamba hapakuwa na kitu.

"Gogo hilo," akasema kiongozi wa kwaya. "Magogo yanagongana."

Mzee alikuwa amegonga tena, na amejibiwa tena. Nilimwona akicheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka, na meno yake yalikuwa ya mtoto, madogo, yamepangana. Akaacha kafi, akachukua pondo, akaanza kuisukuma boti kuelekea kwenye mafunjo.

"Nakuja," akasema kwa upole. "Kaa hapohapo, nakuja."

"Mzee, viboko wako chini yetu," kiongozi akasema.

"Mzee, na sisi je?" mama wa chapati akalia. "Tuna watoto nyumbani!"

Hakusikia. Boti ikaingia kwenye kijia cha maji chembamba kuliko yenyewe, mafunjo yakatufunika, kukawa giza la kijani na harufu ya matope ya zamani. Chini ya bati kitu kilijisugua, kirefu, kikapita. Niliogopa. Nimeshaona wanaume wakisema hawakuogopa mahali fulani. Mimi niliogopa, na sala niliyoikumbuka ilikuwa ya kabla ya chakula. Mlio ukaja tena, karibu sasa, mbele yetu, na bado hatukuona mtu.

Hapo mkewe akasimama. Boti ikayumba, tukamshika kitenge.

"Simama hapo, baba," akamwambia mumewe.

"Anaita, mama. Humsikii?"

"Nasikia. Kama ni mwanangu, mimi nitamwita, na ataitika."

Mzee alielewa anataka kufanya nini, na sura yake ikabadilika. "Usilitaje," akasema. "Tuko juu ya maji. Nakuomba, usilitaje."

Akalitaja. Aliliita jina la mwanawe kwa sauti yote ya mwimbaji, jina zima la ubatizo na lile la nyumbani, kama anavyoita mama jioni chakula kikiwa tayari. Lilikwenda mbali kwenye bwawa, likarudi.

Tukasikiliza. Mtu mzima yeyote wa kwetu anajua kwamba aliye hai akiitwa na mama yake huitika kwa mdomo. Hata amekasirika huitika. Kijana yule, ambaye aliitika na tonge shavuni, angeitika hata kama amebakiwa na pumzi moja. Tulikuwa tumeinamisha vichwa tukilingoja neno moja tu, naam.

Mlio ukaja. Mbili za haraka. Kimya. Moja ya pole. Ulikuwa uleule, haukuongeza haraka wala furaha.

Mama wa Sauti ya Pili akakaa chini, juu ya kreti ya soda.

"Huyo si wangu," akasema. Kisha akaangua kilio. Miaka yote ile ilitoka kwa mkupuo, na sisi wanawake tukamdaka, tukalia naye palepale ndani ya boti, alichonyimwa akakipata. Wanaume nao walilia. Mlio ulijaribu tena mara moja, kilio kikaumeza.

Mzee alisimama na pondo lake akisikiliza mpaka nikadhani hatageuka. Halafu akalisimika pondo upande wa pili, akatusukuma kinyumenyume hadi maji mapana, akavuta kamba. Kwa mara ya kwanza tangu niijue injini ile, iliwaka kwa mvuto mmoja.

Novemba ile jina lilisomwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia katekista. Mkewe alifungwa kaniki, akakaa matanga, akaivua wakati wake ulipofika, na siku alipoivua aliniletea kuku na akaimba akiwa jikoni kwangu. Niliacha kumchukia mzee. Alikufa yule mama miaka michache baadaye, kwa maradhi ya kawaida, kitandani kwake, amelindwa na kusomewa kama mtu. Mzee aliendelea na boti lakini hakugonga tena. Alipofika bwawani aliwaamkia viboko kwa mdomo tu na kupiga mluzi, na watu wakaambiwa wasigonge mlango wake, waite hodi tu.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa kwenye zile mvua za Elnino. Mto ulitoka mahali pake ukaja mjini kama mgeni asiye na haya. Nilivua viatu nikaenda kumtazama, na maji yalikuwa yamefika kwenye migomba yake. Nikaita hodi. Akanikaribisha ndani, akaniandalia chai ya tangawizi mwenyewe, mchana ule wa mvua nyepesi. Boti ya bati alikwisha kuiuza. Nyuma ya nyumba alibakiza mtumbwi mmoja mbovu aliouegemeza ukutani.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ni mtu wa kufundisha. Mtu asiyejua kitu ukimsomea kila siku, kilekile, kwa sauti ileile, si anakijua?"

"Anakijua," nikasema. "Hata asipokielewa."

"Basi." Akakoroga chai yake muda mrefu. "Mimi niliugonga mlio ule miaka yote nikidhani namwita mwanangu. Kumbe kulikuwa na mwingine anayesikiliza. Nilikuwa namfundisha."

Nilitaka kumshika mkono nikaona haya. Nje maji yalikuwa yakipanda kimya, yamekwisha kuingia chini ya banda la kuku.

Ndipo ukaja kutoka nyuma ya nyumba, kwenye ule mtumbwi, mti juu ya mti. Mbili za haraka. Kimya. Moja ya pole.

Nilimtazama mzee. Hakuinuka. Lakini vidole vya mkono wake wa kulia viliinuka peke yake juu ya meza, viwili, tayari kugonga. Akaviona. Akaufunika mkono ule kwa mkono wa kushoto, akaukandamiza hadi kucha zikawa nyeupe, na machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Kunywa, Mwalimu," akasema. "Chai inapoa."